Siku Kihara Alipotamka Rizavu

Gitau, mwanangu, uliyechukua jina la baba yangu, ndiyo maana nakuita Baba hata ukiwa umenikasirikia,

Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda Mugutha kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko nje, anapiga pasi shati ambalo jana alilipiga pasi. Habari za sweta, za kula ukashiba, za kusali, za kutolala na soksi mbichi, amekwambia yeye, na kesho kabla lori halijaja atakwambia tena. Mimi hizo naziruka.

Barua hii ni ya mkono wangu. Mwalimu wa shule ya kanisa alitaka kuniandikia, akaja na kalamu yake mpaka mlangoni, nikamwambia arudi nayo. Mimi kusoma sikufundishwa na mtu wa viatu. Nilifundishwa Tanganyika, wakati wa vita vya kwanza vya Mjerumani, tulipokuwa wapagazi, na mpagazi mwenzangu mtu wa Tanga, kwa kijiti juu ya mchanga. Wengine walikuwa wanalala, mimi nilikuwa najifunza. Ndiyo sababu nakuandikia Kiswahili. Kikuyu nakiongea kushinda mtu yeyote hapa Ruiru, lakini kukiandika hakuna aliyenionyesha. Ukikuta nimeweka r mahali pa l, soma kama unavyonisikia nikiongea, utaelewa.

Watu hapa wanasema wewe ndiwe wa kwanza katika nyumba yetu kuijua pikipiki. Si kweli. Wa kwanza ni mimi, ila mimi niliibeba. Kule kwenye upagazi, Mzungu mmoja aliyekuwa akipeleka ujumbe aliizamisha kwenye matope, ikakataa kuwaka. Wakatuita. Tukaifunga kwenye miti miwili kwa kamba, tukaiweka mabegani, tukapita nayo kinamasi mpaka maji yakafika kifuani. Mafuta yake yalikuwa yananidondokea shingoni. Mwenyewe alikuwa nyuma yetu anatembea mikono mitupu, analalamika kwamba tunaitingisha. Pale katikati ya maji tungeweza kuiachia, na nani angejua? Hatukuiachia. Tuliifikisha, akapangusa kiti chake kwa leso, akakaa, akaenda zake. Mama yako anasema kila mwaka hadithi hii inaongeza kina cha maji. Mwache. Yeye hakuwapo.

Kwa hiyo ulipoanza kuingia kwenye banda la Kihara kuosha pikipiki za mwanawe, sikushangaa. Niliona ni damu. Kihara mwenyewe, ambaye jina lake la Kizungu halituingii mdomoni na upara wake ndio uliompa hilo tunalomwita, alikuwa akisema ati ana kijana mwenye mikono mizuri. Mimi nilikuwa nyapara wa kiwanda chake cha kahawa, nikamwambia, “Bwana, mikono hiyo ameitoa kwangu.” Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Halafu mkawa na lile timbo kule nyuma, pale walipomaliza kuchimba mawe. Wewe na Njuguna na Macharia, na ile mifupa ya pikipiki mliyopewa na Kalasinga wa Thika kwa kumfagilia karakana. Jumapili baada ya kanisa mlikuwa mnapanda kwa zamu, mmoja juu, wawili wanasukuma, na ikiwaka wote watatu mnakimbia nyuma yake kama mbwa. Nilikuwa nakuja kuwafukuza. Nilikuwa nakaa juu ya mawe kwanza, nikitazama, halafu ndiyo nawafukuza. Hilo hukulijua.

Nikwambie nilichoona kule juu siku ya mashindano, maana wewe ulikuwa chini na matope machoni. Wazungu walikuwa wamekaa na miavuli upande wa barabara. Sisi tulisimama upande wa juu, nyuma ya kamba ya mkonge. Mwanawe Kihara alikuwa ameteguka mkono, wakakuambia wewe uizungushe pikipiki yake mbio za kwanza, injini isipoe. Wenzako walipofika kwenye ule mteremko mwekundu walikuwa wanatia moto, wanataka kuonekana. Wewe ulipunguza moto. Ukaiacha ishuke yenyewe kama ng'ombe anayekwenda mtoni, na chini kabisa, mahali wote walipokuwa wakiteleza, ndipo ukaifungulia. Ukawapita ndani ya matope, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka mbele yako hapakuwa na mtu. Nikasema kwa sauti, “Huyo ni wangu.” Askari akaniambia, “Mzee, nyamaza.” Nikamwambia hata yeye nitamzalia mtoto kama yule akitaka. Watu wakavunjika mbavu.

Baadaye wakatangaza kwamba mbio zile zilikuwa za majaribio, hazihesabiwi. Ukaiosha pikipiki, ukairudisha.

Sasa nije kwa ile Jumamosi. Hukuwapo. Kihara alikuwa amekutuma kwa Kalasinga kuleta cheni, na habari uliipata kwa watu waliokuwa wanacheka. Isikie kwangu.

Tulikuwa tumepanga mstari mbele ya kiwanda, tunangoja mshahara. Kihara akatoka barazani amefurahi, kofia mkononi. Akasema Kenya inapeleka timu ya pikipiki Ulaya, ishindane na vijana wa nchi nyingine. Akamtaja mwanawe. Akataja wawili wa Nairobi. Halafu akasema, “Na Gitau, rizavu.”

Baba, wewe ulikuwa umeshapata akili Emajensi, ile hali ya hatari, ilipoanza. Unakumbuka asubuhi tulipotolewa hapa hapa, tukapakiwa kwenye lori na magodoro na kuku, tukapelekwa rizavu, ile ardhi Wazungu waliyowatengea Waafrika, kule Murang'a, mahali tusipokuwa na shamba wala ndugu aliyetutaka. Mama yako alibeba mlango kichwani kwa sababu mlango ulikuwa wetu, nyumba ilikuwa ya Bwana. Dada yako Wambui alikwenda kule akitembea na hakurudi. Sisi wengine tulirudi kwa sababu Kihara alikosa mtu wa kuendesha kiwanda, kahawa ikamuozea, akaniombea kibali. Watu wengine wakilisikia neno hilo wanaona ardhi. Mimi naona kaburi la mtoto, na udongo wake ulikuwa mwekundu, na jembe nililiazima.

Kwa hiyo nikatoka kwenye mstari. Nikasema, “Bwana, kijana huyu hakula kiapo cha msituni, hakuiba, hakukosa kazi. Kwa nini rizavu?”

Mwaura karani akaanza kunikonyeza ninyamaze. Mimi, ninyamazishwe na karani? Nikaendelea. “Kama ni hii pikipiki imekukasirisha, ameiacha. Kuanzia leo. Haipandi tena, hapa wala mahali pengine. Mimi baba yake nimesema, na hawa wote ni mashahidi.”

Kihara akamgeukia karani. “Mzee nasema nini?” Kiswahili changu alikuwa amekielewa vizuri, lakini alimuuliza karani.

“Anasema kijana wake hatapanda tena, Bwana.”

“Baba yake mwenyewe nasema?”

“Mwenyewe.”

Kihara akavaa kofia. “Basi. Mimi hapana weza chukua mtoto ya mtu kama baba yake nakataa.”

Nyuma yangu watu wakaanza kucheka. Mwanzoni nilifikiri wanamcheka yeye.

Ni Mwaura aliyenivuta kando ya matangi ya kuoshea kahawa. “Mzee Mbugua, umefanya nini? Hiyo ni rizavu ya timu. Si ya Murang'a.”

“Rizavu ni rizavu.”

“Ya timu ni mtu wa akiba. Alikuwa anakwenda Ulaya kupanda pikipiki.”

“Kwa nini basi hakusema akiba? Neno la akiba lipo. Hata mimi ninalo.”

“Kwa sababu ni Mzungu,” Mwaura akasema, akaenda zake kugawa mshahara.

Na mpaka leo nasema sikukosea kusikia. Nililisikia neno lile lile lililotamkwa. Wao ndio waliochukua neno walilotufukuzia, wakaenda kulifanyia mchezo, wakatarajia mimi nijue. Hapo sirudi nyuma, hata uninyime salamu mwaka mzima.

Lakini ulipofika na ile cheni, walikuwa wameshakuambia njiani. Ulinitazama, ukaiweka chini taratibu, ukaingia ndani. Ungenitukana ningekupiga, nawe ungeondoka umekasirika, na jioni tungekula pamoja. Hukunitukana. Nimekaa na huko kunyamaza kwako tangu siku ile, na nikwambie, nimebeba vitu vizito.

Jumatatu nilikwenda kwa Kihara. Mama yako hajui, maana nilimwambia nakwenda kutazama mtambo. Nilivua kofia. Mimi sivuagi kofia, unanijua. Nikamwambia, “Bwana, ile ya Jumamosi ilikuwa makosa ya sikio. Kijana apande.”

Akaniambia, “Mzee, wewe kwisha sema mbele ya watu yote. Mimi naheshimu neno ya mzee.”

“Mzee mwenyewe amelirudisha.”

“Majina kwisha kwenda Nairobi. Mtoto ya dada yangu nachukua ile nafasi. Gitau atakuja, atashika spana. Kazi mzuri. Ataona Ulaya.”

Nilimtazama uso. Nimeishi na wapagazi, najua uso wa mtu aliyekuwa na mzigo na sasa ameutua. Ndivyo alivyokuwa. Na Mwaura akaniambia baadaye kwamba wenzake wa Nairobi walikuwa wanamuuliza kila mara kama ni lazima Mwafrika aketi juu ya pikipiki ya Kenya, naye alikuwa ameanza kuchoka kuwajibu.

Sasa hapo ndipo nilipokwama, Baba, na sitoki. Labda alikuwa anakupeleka kweli, na mimi nikakuangusha kwa mdomo wangu. Labda hakuwa anakupeleka, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mimi nikaufungua na kuushikilia apite. Nimejaribu kuchagua lipi afadhali. La kwanza linaniua mimi. La pili linakuua wewe. Siku nyingine nikiamka nataka liwe la kwanza, siku nyingine la pili, na kahawa inaiva vile vile.

Nilikwenda mpaka Thika, kwa Kalasinga, nikamuulize hasa neno hilo maana yake nini. Si kwamba sikumwamini Mwaura, lakini Mwaura hajawahi kufungua hata plagi. Kalasinga alikuwa chini ya gari, akanijibu bila kutoka, naona miguu tu.

“Rizavu? Ile nangoja rafiki yake vunjika mguu, mzee.”

“Na rafiki asipovunjika?”

“Narudi nyumbani na koti safi.”

“Na makanika je?”

Akatoka chini ya gari akanitazama. Ndevu zake zilikuwa na grisi. “Makanika narudi na koti chafu,” akasema. “Gitau mzuri kuliko hawa yote. Mimi kwisha mwambia Kihara. Mimi kwisha mwambia kila mtu. Nani nasikiliza mimi?” Akanipa chai. Nikainywa, nikarudi nyumbani.

Nikwambie ukweli, tangu siku ile kila Jumapili kanisani nimekuwa namwomba Mungu awape surua hao vijana wa Kihara. Si ugonjwa mkubwa. Wa kuwalaza tu. Mungu akinisamehe vizuri, asiponisamehe shauri yake, na yeye alikuwapo Murang'a.

Lakini hilo ni langu, wewe usilichukue. Maana nimefikiri jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae na kalamu hii. Huko Ulaya nati za magurudumu yao zitakuwa mkononi mwako. Huyo mtoto wa dada yake Kihara, aliyekaa kwenye nafasi yako, mwenzake akivunjika atapanda pikipiki uliyoifunga wewe. Atakuja asubuhi, hatakusalimu, atakaa juu yake na kuondoka bila kutazama chini, kwa sababu anajua umekaza. Na utakuwa umesimama pale na spana, unaujua uzito wa ile nati.

Kaza. Sikuambii kwa sababu ya mbinguni. Nakuambia kwa sababu mikono yako ndiyo kitu pekee hawajakuchukulia, na ukiilegeza mara moja utakuwa umewapa na hiyo. Mimi kule kwenye kinamasi sikuiachia ile pikipiki na hakuna aliyenishukuru. Mpaka leo sijui nilipata faida gani. Nimetafuta, sikuiona. Lakini bega hili nikilitazama halinionei haya, basi.

Sitakudanganya kwamba utapanda. Hutapanda. Watu watakuambia ngoja, mwakani, ukionekana na bidii, nchi inabadilika. Nimeambiwa ngoja na watu wenye ndevu na watu wasio na ndevu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nimeona wote walioniambia wakifa wameshiba. Njuguna alikuwa mwepesi kuliko wewe kwenye kona, usikatae. Walipomchukua Emajensi akakaa kambini, alirudi na goti lisilokunjika, sasa anachunga mbuzi wa mjomba wake huko Kiuu. Macharia anapasua kuni. Timbo lenyewe limezungushiwa waya, wanataka kulijaza maji ya kumwagilia kahawa. Wewe ndiwe uliyebaki katika watatu, na wewe unakwenda na ndoo na kitambaa.

Wakikuambia uwashe pikipiki izunguke, injini isipoe, hapo zunguka. Usiende kama mtu anayepasha injini. Nenda kama siku ile ya mteremko mwekundu. Hakuna atakayehesabu, hakuna atakayeandika gazetini, na mimi sitakuwa nyuma ya kamba kusema huyo ni wangu. Lakini hizo ndizo mbio zako, ndizo watakazokuachia, na zitakuwa fupi.

Na jambo hili mama yako asilijue, nashukuru hakufunzwa kusoma. Ukipata huko karakana itakayokutaka, na chumba, na mtu wa kukusalimu asubuhi, baki. Usirudi kwa ajili yangu. Mimi ni mzee mkaidi na nitakufa hata ukiwa umesimama mlangoni. Urudi kufanya nini, kumwoshea Kihara? Mama yako atalia, nami nitamwambia meli imechelewa, na mwaka ukipita nitamwambia imechelewa tena. Ananijua kwa uongo, lakini huo atauamini kwa sababu atautaka.

Kesho sitakuja stesheni. Wala sitakuwa hapo uwanjani lori likiwachukua. Mama yako ataniita jiwe, na watu watasema mzee ameona aibu. Sina aibu. Lakini Kihara atakuwa pale, na wale wenzake wa Nairobi, na mtoto wa dada yake na koti lake jipya, na mimi nikiwaona watu hao wamekusanyika pamoja najijua. Nitawauliza ni nani kati yao aliyewahi kumpita mwanangu kwenye matope. Nitawauliza mbele ya watu wote, kwa sauti, na watanijibu kwa kukuteremsha, na hiyo spana pia watampa mwingine.

Kwa hiyo nitatoka mapema, niende kwenye kahawa ya upande wa Gatongora, mbali na barabara, nipogoe matawi. Lori litapita nitalisikia. Sitainua kichwa.

Maisha yangu yote sijanyamaza mbele ya mtu, awe Mzungu, awe askari, awe mchungaji wa kanisa, na nimejisifu kwa hilo kila nilipopata mtu wa kunisikiliza. Kesho nitanyamaza. Sina kingine cha kukupa, na najua hakitakuweka juu ya pikipiki. Kichukue hivyo hivyo.

Ni mimi baba yako,
Mbugua wa Gitau